Deruta, Vietri au Grottaglie: sahani gani za mkono za Kitaliano zinafaa kulia kila siku?

Wifi yangu kahamia Bologna mwezi wa tatu, nyumba mpya jiko jipya, na kitu cha kwanza alichonitumia sio picha ya nyumba, ni voisi ya dakika saba kuhusu sahani. Kachoka na zile nyeupe za dukani zinazofanana kila nyumba, anataka za Kitaliano zilizofinyangwa na kuchorwa kwa mkono, ila za kulia wifi, kanisisitizia, sitaki za kabatini kama za mama. Aliyelelewa kwetu Tanga analijua hilo kabati: vioo mbele, funguo anayo mama, vyombo vinatoka Idi na siku ya posa, siku nyingine zote ni bati na melamini.

Sasa mie niko Perugia mwaka wa tisa huu, Deruta iko hapo chini tu, haifiki kilomita 25, na kwenye shelfu yangu zimo za Deruta, za Vietri na za Grottaglie, zote zinaliwa, hamna ya pambo hata moja (haya, moja ipo ukutani, ntaisema). Kwa hiyo namjibu wifi hapa hapa, na wengine mnaoniuliza mpate humo humo.

Mwenye haraka achukue hili aende: kwa kulia kila siku mie nachukua Grottaglie, Vietri inafuata nyuma yake karibu sana, na Deruta nachukua sinia na bakuli, sio sahani. Lakini ukiweza usiondoke bado, maana hilo jibu limetokana na ninavyokula mie, na wewe ukila tofauti linageuka.

Miji yote hii mitatu inatengeneza kitu kimoja, maiolica. Ni udongo wa mfinyanzi, unachomwa mara ya kwanza unatoka na rangi ya biskuti, na wenyewe wanaita biscotto kweli, halafu chombo kinachovywa kwenye smalto, yaani ule uji mweupe ambao ukichomwa unageuka kioo, kinachorwa juu ya huo uji ukiwa umekauka lakini bado mbichi, kinarudi tanuri mara ya pili. Weupe wa smalto unatokana na madini ya bati. Nilicheka nilipoambiwa, yaani tumekimbia sahani za bati nyumbani tumekuja kulipa yuro kununua bati ndani ya udongo. Joto lake linacheza kwenye digrii 900 mpaka 1000 na kidogo, wakati porselini inapanda mpaka 1300 na zaidi, na hapo ndo penye mzizi wa yote ntakayosema. Porselini imejifunga, haipitishi maji. Maiolica ndani bado ni udongo wenye vitundu, ni mtungi uliovalishwa koti la kioo. Koti likiwa zima unakula raha mustarehe, likichanika pembeni maji yanaanza kuingia.

Na kabla hujatoa hela kuna maneno mawili uyajue. Fatto a mano maana yake chombo kimetengenezwa kwa mkono. Dipinto a mano maana yake kimechorwa kwa mkono, sahani yenyewe inaweza kuwa imetoka kwenye mashine. Vyote halali, mie ninazo za aina zote mbili, ila bei isiwe moja. Halafu kuna wa tatu, yule wa stika, dizaini imechapwa kwenye karatasi ikabandikwa ikachomwa. Mie nimeshaliwa, duka moja la watalii silitaji, nikanunua vikombe viwili "vya Deruta", nafika nyumbani navipanga naona kuna jani limechorwa limetoka nje ya mstari kidogo, na kwenye kikombe cha pili jani lile lile limetoka nje pale pale. Mkono wa mtu haukosei sawasawa mara mbili. Tangu siku hiyo nikiingia dukani nachukua mbili za dizaini moja naziweka ubavu kwa ubavu, muuzaji akinuna shauri yake. Nageuza na chini pia, naangalia jina la mji, herufi za mchoraji, na mara nyingi vidoa vitatu vidogo vya vile vijiguu vilivyoishika tanurini. Serikali yao nayo ina sheria namba 188 ya mwaka 1990 inayolinda keramiki za asili za miji yenye historia, na kuna alama yake, ukiikuta vizuri, usipoikuta haimaanishi umeibiwa.

Haya Deruta.

Deruta ni mji mdogo wa Umbria ambao watu wake hawana kazi nyingine ya kujisifia, makumbusho yao ya keramiki yalianza 1898, barabara nzima ni maduka na karakana. Nikakaa siku moja namwangalia mama mmoja anachora, asubuhi yote. Anachukua karatasi yenye dizaini iliyotobolewa tobolewa kwa sindano, anailaza juu ya sahani, anaipigapiga kwa kijifuko cha unga wa mkaa, akiitoa vinabaki vinukta vyeusi. Hapo ndo anaanza kufuata kwa brashi, na ile smalto mbichi ni kama unga mkavu, inanyonya rangi papo hapo, hamna kufuta. Nikakumbuka wachora piko siku ya harusi, yule anayeshusha mstari kuanzia kiwiko mpaka kidoleni hanyanyui mkono. Mkaa unaungua tanurini, kinachobaki ni mkono wake tu. Alipomaliza sahani moja chai yangu ilishapoa zamani.

Kwa hiyo bei ya Deruta sio wizi, ni masaa ya mtu. Ile dizaini inayojulikana kuliko zote, Raffaellesco, yenye majoka ya rangi ya dhahabu na bluu, inatokana na mapambo ya mchoraji Raphael kule Vatikani, na haiachi hata ukucha wa nafasi nyeupe. Mie ile moja niliyonayo ya kuchorwa yote ilinitoka yuro 62, na hiyo ndo iliyoko ukutani. Nilijaribu kuilia jamani. Unaweka wali na maharage juu ya joka, unaona kelele tupu, chakula chako mwenyewe hukioni. Na ukingo wake mpana, kwa Mtaliano anayeweka kipande cha nyama katikati ni sawa, kwa ugali na mchuzi ule ukingo ni kiwanja kisichojengwa, unalipia hutumii. Ukija kwenye kisu na uma ndo moyo unakatika kabisa. Smalto ya maiolica ni laini kuliko porselini, chuma kinaacha vimistari vya kijivu, na kwenye mchoro wa yuro 62 kila kimstari unakisikia tumboni.

Ila nisiwaonee. Deruta wanazo dizaini nyepesi, ua moja katikati, mstari wa bluu na njano pembeni, na ule wa jogoo wa kijani wa Orvieto ambao karibu kila karakana inauchora, hizo zinalika. Na sinia zao, yale makubwa ya duara, mie nalo moja la sentimita 38, pilau la Ijumaa linakaa humo tunalizunguka watu wanne tunakula kwa mkono, hamna kisu hamna uma, miaka sita halina mkwaruzo. Hilo ndo jambo ambalo wauza sahani hawakuambii kwa sababu hawalijui, anayekula kwa mkono maiolica yake inaishi mara mbili.

Vietri sasa. Vietri sul Mare iko baharini, pembeni ya Salerno, pale pwani ya Amalfi inapoanzia. Kule mkono ni mwingine kabisa, hawana hayo masaa ya brashi ya unywele. Miaka ya 1920 mpaka 1940 hivi walihamia wasanii wa Kijerumani pale, mmojawapo Richard Dölker, wakachanganyika na wafinyanzi wa pale pale, ikatoka ile michoro ya kitoto kitoto, mbuzi, samaki, mvuvi, na punda mdogo ambaye sasa ndo nembo ya mji. Kuna kiwanda cha Solimene cha miaka ya 1950 ambacho ramani ya jengo lake aliichora msanifu majengo Paolo Soleri, ukuta wake wa mbele umefunikwa na vyungu vya duara vya kijani na vya rangi ya udongo, ukipita kwa gari huwezi kukikosa hata ukiwa umelala nusu.

Sahani za Vietri ninazozijua mie ni nene, weupe wake ni wa maziwa sio wa karatasi, ukingo umepakwa rangi moja, bluu, kijani, njano, na katikati kuna mnyama. Wanauza moja moja, kila moja na mnyama wake, na huo ndo uzuri wake kwa nyumba yenye watoto, maana ikivunjika ya kuku unanunua ya samaki, seti haijaharibika kwa sababu haikuwa seti tangu mwanzo. Watoto wangu wana sahani zao, ukimwekea Salma kwenye ya mbuzi wakati yeye ni wa samaki hali. Mie nililipa yuro 24 kwa sahani na 18 kwa bakuli, na udhaifu wake mkubwa ni uzito. Niliipima kwenye mizani ya jikoni, sahani ya kulia kilo moja kasoro kiduchu. Sita ukizibeba juu ya nyingine ni kama umebeba mtoto wa miezi mitatu, na kama shelfu lako ni lile la kuning'inia ukutani la skrubu mbili, fikiria upya.

Walioko Marekani nawatahadharisha kidogo: mkiandika Vietri kwenye intaneti mnaletewa kampuni ya huko huko Marekani inayoitwa VIETRI, ilianzishwa 1983. Sio matapeli, vyombo vinatengenezwa Italia kweli, ila vinatoka kwa watengenezaji wa sehemu mbalimbali, sio lazima viwe vya mji wa Vietri. Soma maelezo ya kila dizaini.

Grottaglie ndo naipenda, nisijifiche. Iko Puglia, kwenye kisigino cha kile kiatu unachokiona ukitazama ramani ya Italia, kama kilomita 20 kutoka Taranto, na ina mtaa mzima wa wafinyanzi, Quartiere delle Ceramiche, kwenye bonde la mawe, karakana nyingine zimechimbwa ndani ya mwamba wenyewe, unaingia joto la Agosti linabaki nje. Zamani walikuwa mabingwa wa vyombo vya kazi, mitungi mikubwa ya divai wanayoita capasoni, mingine inakufika kifuani, vyungu vya kupikia, mabakuli ya wakulima. Hiyo asili imebaki. Sahani yao ya kawaida haijidai. Nyeupe, halafu mfinyanzi anachovya brashi kwenye bluu au kijani anaikung'uta, matone yanaruka yanapodondokea ndo hapo hapo, wanaita schizzato. Basi. Nyingine zina kijogoo au kiua cha bluu katikati kilichochorwa kwa mapigo saba manane ya brashi, hesabu mwenyewe yanaonekana.

Kwanini kwa kila siku? Sababu yangu ya kwanza ni ya aibu: madoa hayaonekani. Sahani yenye matone kila mahali, kimkwaruzo kimoja au kidoa cha mchuzi nani atakiona. Ya pili ni umbo, zile nilizonunua mie zimeingia ndani kidogo pembe zote, hazina ukingo wa kiwanja, ugali unakaa, mchuzi haukimbii, unachota mpaka tone la mwisho. Ya tatu bei, nililipa yuro 16 kwa sahani, unaweza ukavunja moja ukapiga astaghafiru ukaendelea na maisha. Ubaya upo. Hazilingani, katika sita zangu moja imepinda, ukiiweka mezani inacheza kama meza ya mgahawa, na mbili ni ndogo kuliko wenzake kwa hiyo hazipangiki vizuri. Mume wangu inamkera. Mie nimeikunjia kitambaa chini maisha yanaenda.

Faenza na Caltagirone, miji mingine ya keramiki, najua mtauliza. Faenza ndo jina lililozaa neno faience la Kifaransa, makumbusho yao ya kimataifa ya keramiki yalianzishwa 1908, na kwa wifi ni treni fupi tu kutoka Bologna, aende akaone, lakini nilizokutana nazo kule ni za sherehe kuliko za ugali. Caltagirone iko Sisili, ngazi 142 zilizopambwa vigae vya keramiki, ukipanda utajuta ukifika juu utasamehe. Rangi zao kali nzuri sana, bluu na njano na kijani, ila mie nilibeba chungu cha maua sio sahani.

Sasa jikoni, maana huko ndo sahani inapopata akili.

Manjano. Sisi tunakula manjano kila siku ya Mungu, na nazi juu yake. Smalto nzima haishiki rangi, unaosha inatoka. Tatizo ni vile vinyufa vya unywele ambavyo smalto huwa inapata, wenyewe wanaita cavillo, ukikichungulia chombo kwenye mwanga unaviona kama utando wa buibui. Bakuli langu moja la Deruta la mtumba lilikuwa navyo, nikaweka mchuzi wa samaki wa kupaka nikausahau usiku kucha, sasa lina ramani ya mito ya njano mpaka kiyama. Ukinunua, inua juu ya dirisha uangalie. Halafu gonga kwa kucha kama unavyogonga chungu sokoni, ikilia ngiii nzima, ikilia ko kama ubao kuna ufa, rudisha.

Maikrowevu ni kosa langu mwenyewe. Bakuli la Vietri lililokuwa limemeguka kidogo chini, nililiacha limelowa kwenye sinki toka jana yake, asubuhi nikapashia maharage. Maji yalishaingia kwenye udongo kupitia pale lilipomeguka, kwa hiyo likapata moto bakuli kuliko maharage, nikalishika nikaliachia. Vipande vinne. Tangu hapo napashia kwenye sufuria, na chombo kilichomeguka hakilowekwi. Chenye dhahabu au mng'ao wa madini hakiingii kwenye maikrowevu hata kidogo. Mashine ya kuoshea vyombo naitumia kwa za Vietri na Grottaglie, kwa programu ya joto dogo, nikizitenganisha zisigongane, ile Raffaellesco hata kama ingeshuka ukutani ningeiosha kwa mkono. Na usitoe kitu friji ukamwagia mchuzi unaochemka, udongo hautaki mishtuko.

Kuhusu risasi, madini ya risasi, maana kuna ndugu zetu wanatishana kwenye magrupu. Ulaya ina mipaka ya keramiki za chakula toka 1984, direktivu namba 84/500. Kipimo chenyewe wanajaza chombo asidi ya siki ya asilimia 4, kinakaa masaa 24 kwenye joto la digrii 22, wanapima kilichotoka. Chombo chenye kina hakitakiwi kuzidi miligramu 4 za risasi kwa lita, sahani bapa miligramu 0.8 kwa kila desimita ya mraba. Angalia chini ya sahani au kwenye karatasi yake, glasi na uma ndo alama ya chakula, ukikuta maneno solo decorativo hiyo ni ya kutazama. Unaona wanapima kwa siki, kwa hiyo sisi wa ndimu, ukwaju na achari ndo tunaohusika haswa. Sahani ya zamani ya mtumba usiyoijua ilikotoka weka matunda yenye maganda au itundike, mbona nyumba za zamani za Lamu sahani zilikuwa zinapamba zidaka ukutani na hamna aliyeona zimepotea bure. Yangu ya mtumba nayo siku hizi inawekewa vitunguu.

Kwa hiyo wifi. Usinunue seti ya watu sita siku moja, hata kama utashawishiwa punguzo. Anza na nne za Grottaglie zenye kina, zile za supu, wanaita piatto fondo, maana sahani bapa ya Mtaliano kwetu inakaa bure, mie nina nane bapa na zinatoka akija mama mkwe tu. Ongeza bakuli mbili tatu za Vietri za uji na maharage. Ukija kwangu tunashuka Deruta pamoja unachagua sinia, na hilo usiagize mtandaoni, mie niliagiza moja likafika na mlio wa ko, muuzaji akasema lilitoka zima, msafirishaji akasema alilipokea hivyo hivyo, hela ikapotelea katikati yao. Kama mume wako ni wa kisu na uma kila mlo, na nasikia ni wa kisu na uma, basi yeye mnunulie gres, yaani udongo uliochomwa joto kubwa mpaka ukajifunga, digrii 1200 na kitu, au mwachie zile nyeupe za dukani ale humo humo.

Na za Vietri chagua mnyama mwenyewe kwa jicho lako, usimwambie muuzaji nichanganyie. Mie nilimwambia, nikafungua boksi nikakuta punda watatu.